UZI: Mto ukitakata usidhani tope limeshafika baharini, lipo humohumo chini

Mkondo wa Juu (#1)

Wakuu salaam,

Kuna kauli naisikia kila mvua kubwa ikipita na leo nimeamua kuifungulia uzi kabisa. Mto unachafuka siku mbili tatu, rangi ya kahawia tupu, halafu maji yanaanza kutakata na watu wanasema "mto umejisafisha, tope lote limeshashuka baharini". Hapana jamani. Sehemu kubwa ya lile tope haijafika mbali. Limeshuka kipande, limetulia, lipo katikati ya changarawe chini, lipo pembeni kwenye majani, lipo kwenye kona ambako maji yamepoa, na linasubiri maji makubwa mengine yaje yaliinue. Tope laini linasafiri kwa vituo na vituo vyenyewe ni virefu, kuna linalolala wiki, kuna linalolala miaka, na lile linalomwagwa kwenye uwanda wa mafuriko linaweza kukaa pale karne na zaidi kabla mto haujahama na kuja kulikata tena.

Tuanze na ukubwa wa chembe maana kila kitu kinaanzia hapo. Mchanga ni punje za kuanzia milimita 0.063 hadi 2. Chini ya hapo ndo tope laini, na humo ndani kuna silti, ile laini kama unga, halafu kuna mfinyanzi ambao chembe zake ziko chini ya milimita 0.002 (wengine wanakata kwenye 0.004). Chembe moja ya mfinyanzi huwezi kuiona kwa macho, unachoona ni rangi tu.

Sasa kuzama. Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionyesha kwamba kwa chembe ndogo hivi kasi ya kuzama inafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, yaani chembe ikiwa ndogo mara 10 inazama polepole mara 100. Piga hesabu kwenye maji yaliyotulia kabisa: silti ya milimita 0.02 inashuka mita moja kwa dakika kama 45 hivi. Mfinyanzi wa milimita 0.002 unahitaji zaidi ya siku tatu kushuka mita hiyohiyo moja. Mchanga wa milimita 0.2 unamaliza chini ya dakika moja.

Asiyeamini achukue chupa angavu, ajaze maji ya mto uliochafuka, aitikise halafu aiache mezani bila kuigusa. Kabla hujavuta kiti kuna mstari wa mchanga chini tayari. Baada ya saa moja au mbili kuna tabaka la pili juu ya ule mchanga, laini zaidi, ukiinamisha chupa linateleza polepole. Halafu kesho yake unaangalia na maji bado yana utusitusi, ukipitisha mwanga wa tochi pembeni unaona njia yote ya mwanga ndani ya chupa imeng'aa. Huo ndo mfinyanzi, haujashuka na hauna haraka.

Na hiyo ni chupa imetulia. Mtoni hakuna kutulia. Maji yanayokwenda yanajikunja, yana mizunguko mikubwa na midogo, mengine yanapanda mengine yanashuka muda wote. Chukua mto wa kina cha mita 1 na mteremko wa mita 1 kwa kila kilomita, mapigo yake ya juu-chini yana kasi ya kama sentimita 10 kwa sekunde. Ile silti yetu inazama kwa theluthi moja ya milimita kwa sekunde. Yaani msukosuko unaipiku mara karibu 300, inapandishwa tena kabla haijagusa chini. Punje ya mchanga ya milimita 1 inazama zaidi ya sentimita 10 kwa sekunde kwa hiyo hiyo inabaki chini inaviringika na kurukaruka. Ndo maana mzigo wa mto uko wa aina mbili, unaoburuzwa chini na unaoelea ndani ya maji, na kwa mito mingi mikubwa unaoelea ndo wenye wingi, ule wa kuburuzwa mara nyingi ni sehemu ya kumi au karibu na hapo.

Nitaendelea, ila maswali yaje.

Kinamasi (#2)

Mkuu uzi mzuri huu, nimekaa siti ya mbele. Ila kuna kitu hakijanikaa sawa. Kama mfinyanzi ndo mwepesi kuliko vyote basi ndo ungekuwa wa kwanza kung'oka chini maji yakianza kwenda kasi si ndio? Mbona kingo za udongo mfinyanzi zinasimama wima hata mto ukipiga, wakati za mchanga zinamong'onyoka haraka sana?

Mkondo wa Juu (#3)

Kinamasi umegusa penyewe. Kuna Mswidi anaitwa Filip Hjulström, mwaka 1935 alitoa mchoro ambao mpaka leo unafundishwa, alifanya kazi yake kwenye mto Fyris kule Uppsala. Mchoro unaonyesha kasi ya maji inayohitajika kung'oa punje ya ukubwa fulani. Kinachong'oka kirahisi kuliko vyote ni mchanga wa laini hadi wa kati, hapo kwenye nusu milimita na chini yake kidogo, maji ya sentimita 20 hivi kwa sekunde yanatosha. Kokoto zinahitaji kasi zaidi kwa sababu ni nzito, hilo halishangazi mtu. Ila ukirudi upande wa mfinyanzi kasi inapanda tena! Mfinyanzi ulioshikana na kukaa unaweza kuhitaji maji makali sawa na yanayong'oa kokoto.

Sababu ni kwamba chembe za mfinyanzi ni vibapa vidogo sana na zina chaji juu yake, zikikaribiana zinashikana. Na zikikaa muda mrefu maji yanakamuliwa kati yake zinashikana zaidi. Uzito hapo si kitu, ni kule kushikana.

Halafu sasa angalia upande wa pili wa mchoro uleule, mfinyanzi ukishang'oka hata maji yanayotambaa tu yanatosha kuuweka juu. Kung'oa ni kazi, kubeba ni bure. Mchanga ni kinyume, unang'oka haraka na unashuka haraka.

Tahadhari moja, mchoro ule ni wa jumla sana, tope lililoshuka jana na tope lililokaa miaka kumi ni vitu viwili tofauti hata kama chembe ni zilezile. La jana linainuka ukilipulizia.

Mpiga Kasia (#4)

Samahani mtoa mada mimi napinga kidogo. Tulifundishwa kwamba tope laini ni mzigo wa kupita tu, linaingia mtoni na linaenda moja kwa moja mpaka ziwani au baharini bila kugusa chini, na kiasi chake kinategemea mashamba na kingo zimeleta kiasi gani, mto wenyewe hauna neno. Na hesabu zako za #1 zinasema hivyohivyo! Kama msukosuko unaipiku silti mara 300 basi mfinyanzi ndo kabisa, utakaaje chini? Sasa hili la kusema limelala kwenye changarawe linatoka wapi?

Mkondo wa Juu (#5)

Mpiga Kasia hii ndo hoja nilikuwa naisubiri, asante. Kwa muda mrefu watu wengi walifundishwa hivyo, na kwa sehemu ni kweli: kiasi cha tope laini kwenye maji kinaamuliwa zaidi na kilicholetwa kuliko na nguvu ya mto. Mto wenye nguvu tele usioletewa tope unabaki angavu. Hapo hatugombani.

Ila kusema halikai chini, hapana, na sababu ziko tatu kubwa.

Ya kwanza ni kwamba maji ya mto hayapiti juu ya changarawe peke yake. Yanaingia NDANI. Sakafu ya kijito ina vilima na mabonde madogo, maji yakikutana na kijilima yanasukuma upande wa mbele, nyuma yake kunakuwa na msukumo mdogo, kwa hiyo maji yanaingia upande huu yanapita katikati ya mawe taratibu sana na yanatokea upande ule. Hii inatokea kila mahali, usiku na mchana, hata mto ukiwa umetulia. Sasa maji yakiingia yanaingia na chembe zake. Huko ndani hakuna tena msukosuko wa kuziinua, mwendo unapungua vibaya mno, nafasi kati ya punje ni ndogo, chembe inagusa jiwe inanata au inashuka milimita chache tu na imeshafika. Kumbuka kule juu ilikuwa inahitaji kushuka mita nzima, huku ndani inahitaji kushuka upana wa nafasi ya kati ya punje mbili. Ndo maana hata mfinyanzi ambao kwa hesabu ya kuzama "hauwezi" kutua unatua.

Ya pili ni viumbe. Shika jiwe la mtoni uteleze kidole juu yake, ule utelezi ni tabaka la vijidudu na mwani na ute wao. Ute unanasa chembe. Majani yaliyozama nayo yananasa, mizizi ya pembeni inanasa. Vijito vidogo hapa ndo vinaongoza kwa sababu eneo la chini na la pembeni ni kubwa ukilinganisha na maji yenyewe, chembe haipiti mbali bila kugusa kitu.

Ya tatu, chembe hazisafiri mojamoja. Zinagandana kuwa mabonge, mabonge laini yenye maji na mabaki ya mimea ndani yake. Watu walizoea kusema hii ni habari ya maji ya chumvi tu, ila kazi za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba hata kwenye mito ya maji baridi sehemu kubwa ya tope inaenda ikiwa mabonge, na bonge linazama haraka kuliko chembe zake zikiwa mbalimbali, mara nyingi sana zaidi. Kwa hiyo ile hesabu ya siku tatu ni ya chembe pweke, na chembe pweke mtoni si nyingi kihivyo.

Nenda kwenye kijito chenye maji angavu kabisa, unaona kila jiwe. Simama, chota changarawe kwa mkono au geuza jiwe moja lililokaa vizuri. Wingu linatoka. Linatoka kahawia zito, linanyooka na maji mita kadhaa linapotea. Geuza la pembeni yake, wingu tena. Hilo tope halijaja leo, maji ya leo ni angavu. Lilikuwa humo.

Mpiga Kasia (#6)

Hapo umenishika mkuu, hilo la wingu nimeliona mara nyingi sana nikivuka, sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Ila bado swali, kama linaingia muda wote si changarawe ingejaa ikaziba?

Mkondo wa Juu (#7)

Inaziba! Huwa inaziba kabisa baadhi ya sehemu, hasa mto ukikaa muda mrefu bila maji makubwa. Safu ya juu ya mawe inakaza, tope linajaza nafasi, maji yanashindwa kuingia. Kinachofungua ni mafuriko yanayotosha kuyageuza mawe yenyewe. Maji ya kati yanapangusa tope la juu tu, lile la ndani halitoki mpaka jiwe lililolifunika limehama. Ndo maana kwenye mto uliowekewa bwawa juu yake na mafuriko yake yakazimwa, changarawe za chini ya bwawa zinaweza kukazana na kuziba pale vijito vya pembeni vinapoendelea kumwaga tope, maana hakuna tena maji ya kuja kuzigeuza.

Tumbawe (#8)

Naomba nichangie upande wa vipimo maana hii ndo kazi yangu, huwa nachukua sampuli za maji mito ikijaa.

Mtoa mada yuko sahihi na ushahidi mmoja mzuri uko kwenye mafuriko yenyewe. Maji yakianza kupanda tope linapanda haraka kuliko maji. Mara nyingi tope linafika kilele KABLA maji hayajafika kilele, na maji yanapoendelea kuongezeka tope limeshaanza kupungua. Ukichukua sampuli wakati maji yanapanda na nyingine wakati yanashuka, kina kilekile kabisa kwenye kipimo, ya kwanza inaweza kuwa na tope mara kadhaa ya pili. Kama tope lote lingekuwa linatoka mashambani siku hiyohiyo tungetegemea lije pamoja na maji ya mashambani. Hili linalotangulia kwa sehemu kubwa ni lile lililolala mtoni na pembezoni, linaamshwa na mawimbi ya kwanza, halafu akiba inaisha.

Na mafuriko ya pili yakija siku chache baadaye, hata yakiwa makubwa sawa na ya kwanza, mara nyingi tope linakuwa kidogo zaidi. Akiba haijarudi.

Kuna mito inafanya kinyume, tope linachelewa nyuma ya maji. Hapo mara nyingi chanzo kiko mbali juu kwa hiyo tope linafika limechelewa, au kingo zinaporomoka maji yakishuka kwa sababu zimelowa na hazina tena maji ya kuziegemeza.

Kingine, jamani mto haubebi tope sawasawa mwaka mzima. Siku chache za maji makubwa zinabeba sehemu kubwa sana ya tope la mwaka. Mtu akichota maji mara moja kwa mwezi siku zenye jua halafu akazidisha kwa siku 365 atapata jibu dogo lisilo na maana kabisa. Hili naliona kwenye ripoti na linaniuma maana mabwawa yanajengwa kwa hesabu za hivyo.

Dada Chechele (#9)

Tumbawe asante, umetaja mabwawa. Hivi tope likifika bwawani inakuwaje? Na kuna namna ya kulitoa?

Tumbawe (#10)

Dada Chechele likifika maji yanapoa kwa hiyo linashuka. Mchanga unashuka mwanzoni kabisa pale mto unapoingia, unatengeneza delta yake. Laini linaenda mbali zaidi ndani ya ziwa. Na kuna jambo la ajabu kidogo, maji yenye tope jingi ni mazito kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo wakati mwingine hayachanganyiki, yanazama na kutembea chinichini kwenye sakafu ya bwawa mpaka ukutani. Juu ziwa linaonekana angavu, chini kuna mto wa tope unapita. Kwenye Lake Mead, ziwa lililo nyuma ya bwawa la Hoover kule Marekani, watu waliliona hili miaka ya 1930, maji ya tope yalitokea kwenye matundu ya chini ya ukuta wakati ziwa juu ni safi. Ukifungua matundu ya chini wakati huo unalipitisha tope kabla halijatua. Ukichelewa limeshalala.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Huang He, Uchina. Mto ule unapita kwenye nyanda za udongo wa vumbi lililopeperushwa na upepo, silti tupu, unamong'onyoka kirahisi ajabu. Zamani ulikuwa unabeba takriban tani bilioni 1.6 kwa mwaka, na wakati wa mafuriko mita moja ya ujazo ya maji inaweza kuwa na mamia ya kilo za tope. Tope limejenga sakafu ya mto mpaka mto uko JUU ya tambarare za pembeni, unashikiliwa na matuta, na ukibomoa unahama, mwaka 1855 ulihama mkondo kabisa ukaenda kuingia bahari upande mwingine wa rasi ya Shandong. Walijenga bwawa la Sanmenxia, likaanza kushika maji 1960, ndani ya miaka michache tope likajaa kiasi kwamba ilibidi warudi kulitoboa njia za kupitishia tope. Baadaye wakajenga bwawa jingine, Xiaolangdi, na tangu 2002 wamekuwa wakiachia maji kwa nguvu makusudi ili yasukume tope la bwawani na la mtoni mpaka baharini. Siku hizi Huang He inafikisha sehemu ndogo tu ya zile tani za zamani, kwa sababu ya mabwawa, matuta ya mashambani na miti iliyopandwa kule juu.

Kinamasi (#11)

Kumbe. Na Nile je? Nasikia bwawa la Aswan limekula mbolea yote ya Misri.

Mkondo wa Juu (#12)

Nile ndo hivyo. Tope lake kubwa linatoka nyanda za juu za Ethiopia kupitia Blue Nile na Atbara, ule White Nile unachangia kidogo sana kwa sababu unapita kwenye maziwa na vinamasi vinavyolinasa. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika 1970 na tangu hapo karibu tope lote linabaki Lake Nasser. Delta ambayo ilikuwa inajengwa na tope kila mwaka sasa bahari inaila, ncha ya Rosetta, pale tawi moja la Nile linapoingia baharini, imerudi nyuma vibaya.

Na kuna la pili linalosahaulika: maji yanayotoka bwawani hayana mzigo ila nguvu yanayo. Yanaanza kuchimba sakafu na kingo za mto chini ya bwawa. Watu wanafurahi maji yametakata huku daraja linachimbwa miguu.

Ukitaka kuona tofauti ya mito miwili kwa macho ni pale karibu na Manaus, Brazili. Solimões unakuja na tope la milima ya Andes, rangi ya mchanga. Rio Negro unakuja mweusi, unapita kwenye ardhi kongwe iliyochakaa isiyo na silti ya kutoa, weusi wake ni mimea iliyooza. Inakutana na kutembea ubavu kwa ubavu kilomita kadhaa bila kuchanganyika, maana joto, uzito na kasi vinatofautiana. Huo Rio Negro ni mto wa maji mengi sana ila tope lake ni kidogo mno kwa sababu hakuna wa kuuletea.

Mama Samli (#13)

Mimi si mtaalam ila nimefuatilia mwanzo mwisho. Naomba kuuliza hili tope likilala kwenye changarawe lina shida gani hasa? Si udongo tu?

Mkondo wa Juu (#14)

Mama swali zuri sana na ndo sababu hasa ya mimi kuhangaika na jambo hili.

Kuna samaki kama salmoni na trauti wanafukia mayai yao ndani ya changarawe. Yai linapumua kwa yale maji yanayopita katikati ya mawe. Tope likiziba nafasi maji hayapiti, oksijeni haifiki, yai linakufa likiwa limefukiwa na juu yake maji yanang'aa. Na hata likiangua, kichanga kinashindwa kupenya kutoka. Wadudu wa chini ya mawe ambao samaki wote wanawategemea nao wanakosa pa kukaa. Ukipima maji ya juu siku hiyo yanafaulu kila kipimo.

Halafu tope laini halisafiri peke yake. Uso wake ni mkubwa mno. Chukua mchemraba wa sentimita 1, uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukaukatekate kuwa vichemraba vya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), uso unakuwa mita 6 za mraba, mara elfu kumi, kutoka kwa udongo uleule. Na juu ya uso huo ndo fosforasi ya mbolea inanata, risasi inanata, zebaki inanata, dawa za wadudu baadhi zinanata. Kwa hiyo tope likilala na vyenyewe vimelala. Chini kukikosa oksijeni ile chuma iliyoshika fosforasi inayeyuka na fosforasi inaachiwa kwenye maji, mwani unapata chakula. Mtu anaweza kuacha kuweka mbolea juu ya mto na bado mto ukaendelea kuwa kijani kwa miaka, kwa sababu akiba ya chini bado inatoa.

Kule California walitafuta dhahabu karne ya 19 kwa kubomoa vilima kwa mabomba ya maji mpaka mahakama ilipozuia 1884. Yale mashapo yalishuka kwenye mito, mwanajiolojia G. K. Gilbert akayafuatilia na kuandika 1917 jinsi yanavyosogea chini miaka mingi baada ya uchimbaji kukoma. Na zebaki waliyokuwa wanakamatia dhahabu bado inakutwa kwenye tope la mabonde yale mpaka sasa. Uchimbaji ulisimama, tope halikusimama.

Mpiga Kasia (#15)

Sasa mnajuaje tope hili ni la jana au la miaka? Udongo hauna tarehe.

Tumbawe (#16)

Zipo njia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia miaka ya 1950 na 1960 yalirusha siziamu-137, elementi yenye mionzi, angani ikashuka na mvua dunia nzima, kilele kikawa 1963. Siziamu inanata kwenye mfinyanzi na haiachii, kwa hiyo ipo kwenye udongo wa juu wa mashamba na malisho. Udongo wa chini wa kingo na makorongo hauna au inayo kidogo. Tope la mtoni likiwa na siziamu ndogo sana unajua hili limetoka kwenye kingo, usiende kumlaumu mkulima.

Nyingine ni beriliamu-7, nayo ina mionzi. Inatengenezwa angani na mionzi kutoka anga za mbali, inashuka na mvua, na inapungua nusu kila siku 53. Tope lililooshwa juzi kutoka juu ya ardhi linayo. Lililolala chini ya mto mwaka mzima imeshaisha. Ukipima tope la mafuriko ukaona beriliamu ni kidogo kuliko ilivyo kwenye udongo wa juu, basi ama sehemu yake ilikuwa imelala mtoni ama imekatwa kwenye kingo, na hapo siziamu inasaidia kutenganisha.

Dada Chechele (#17)

Nimejifunza mengi leo aisee. Na la baharini? Mtoa mada uligusia chumvi ukaacha.

Mkondo wa Juu (#18)

Kweli nilipita haraka. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi kwa hiyo kwenye maji baridi zinasukumana, mpaka kitu kama ute au mabaki ya mimea kizigandishe. Zikikutana na chumvi, chaji ile inafunikwa, zinakaribiana, zinashikana, bonge linakua na kuzama. Kanuni iko karibu na ile ya shabu kwenye maji ya kunywa. Ndo maana kwenye mlango wa mto kuna eneo ambalo maji ni machafu kuliko juu yake na kuliko bahari, tope linashuka, maji ya kujaa yanalirudisha juu, maji ya kupwa yanalishusha, linazungukazunguka pale muda mrefu kabla halijatoka. Matope ya mikoko yanajengwa na mchezo huohuo.

Kinamasi (#19)

Mwisho kabisa mkuu, mtu akitaka kujua mto wake una tope kiasi gani chini afanyeje bila maabara kubwa?

Tumbawe (#20)

Hili nijibu mimi. Tafuta pipa au ndoo kubwa iliyokatwa kitako, isimike kwenye sakafu ya mto izame sentimita kama 10 ndani ya changarawe ili maji ya ndani yatengane na mkondo. Pima kina cha maji ndani yake. Chota sampuli ya kwanza kabla hujagusa kitu. Halafu koroga maji bila kugusa changarawe, chota, hilo ni tope la juujuu. Halafu koroga mpaka ndani ya changarawe kwa fimbo dakika moja, chota haraka kabla halijatua, hilo ni la ndani. Chuja kila sampuli kwa karatasi uliyoipima uzito, kausha kwenye tanuri la nyuzi 105, pima tena, halafu gawa uzito wa tope kwa ujazo wa sampuli uliyochuja. Toa sampuli ya kwanza kwenye zile mbili, zidisha kwa ujazo wa maji yaliyokuwa ndani ya pipa, gawa kwa eneo la pipa, unapata gramu kwa kila mita ya mraba.

Fanya sehemu kadhaa, penye maji ya kasi na penye maji yaliyopoa, maana zinatofautiana sana. Na rudia kabla ya mvua na baada ya mvua kubwa. Usitumie rangi ya maji peke yake, chembe ndogo zinatia ukungu mwingi kuliko uzito wake, na mchanga una uzito ila hautii ukungu.

Kinamasi (#21)

Safi sana. Pipa lipo, wikiendi naingia mtoni, nitaleta namba humuhumu.

Mkondo wa Juu (#22)

Lete mkuu. Anza upande wa chini ukipanda juu, usije ukakoroga tope likashukia sehemu ambayo hujapima.